Sifuri Inayopanda

Kabla hujatua miguu mitatu ya chombo chako ardhini, jiulize sifuri yako iko wapi. Ninyi mnaoingia leo katika kazi ya upimaji mna vyombo vinavyozungumza na setelaiti, na kioo hukuonyesheni kimo kabla hamjamaliza kupiga chafya. Kwa hiyo swali langu laweza kuonekana la kizee. Silo. Nimelibeba miaka yote ya utumishi wangu kati ya Migori na Homa Bay, na halikunitetemesha mpaka nilipokwisha kustaafu, nikarudi darasani kusomea shahada ya uzamili pamoja na wanafunzi wanaolingana na wanangu.

Kila kimo tulichopima kiliandikwa kwa maneno yale yale: mita kadhaa juu ya usawa wa bahari. Sakafu ya zahanati, kilele cha tanki la maji, kizingiti cha darasa, vyote vilihesabiwa kutoka kwenye bahari ambayo wengi wetu kikosini hatukuwa tumeiona. Zamani, mtu alikaa pwani akasoma maji yakijaa na kupwa, mwaka baada ya mwaka, akatafuta wastani wake. Wastani huo ukaitwa sifuri. Kutoka hapo wapimaji wakapandisha vimo kuja bara, alama moja hadi nyingine, nyingine zimepigwa kwenye mwamba, nyingine kwenye msingi wa daraja, hadi zikafika kwetu. Nilikuwa msichana mshika fimbo ya kupimia yenye namba, sina hata mwezi kazini, nilipomuuliza mkuu wa kikosi chetu, Mzee Ochola:

"Na hiyo sifuri yenyewe ikisogea?"

"Nyathina, mwanangu," alinijibu bila kutoa jicho kwenye darubini, "bahari ni kubwa kuliko wewe na mimi. Shika fimbo wima."

Nikashika fimbo wima.

Namna ya kuishika, kwa kuwa siku hizi hakuna anayewafundisha, ni hii. Usijaribu kuwa mlingoti. Hakuna mtu anayeweza kusimamisha fimbo wima kabisa kwa macho yake. Iegemeze taratibu mbele, kisha nyuma, kama mtu anayebembeleza mtoto, na anayesoma kwenye darubini achukue namba ndogo kuliko zote anazoziona, maana fimbo ikiinama popote, namba huongezeka. Fimbo ikiwa wima hasa ndipo namba huwa ndogo kabisa. Mzee Ochola aliniambia hilo mara moja tu, na sijawahi kusoma kitabu kilicholieleza vizuri zaidi.

Fimbo yetu ilikuwa ya kuvuta vipande, kama antena ya redio, na kila kipande kilikuwa na kifungo kinachobofya kikikaa mahali pake. Siku moja upande wa Asumbi tulikuwa tunapima njia ya bomba kutoka kwenye chemchemi hadi tanki la wanakijiji. Kipande cha juu hakikubofya. Sikusikiliza, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza masista wawili waliokuwa wakipita wakibishana juu ya kuku. Jioni Mzee Ochola aliketi kufanya hesabu, akapiga mluzi mrefu, akaniita.

"Hongera. Umeyafundisha maji kupanda mlima bila pampu. Nenda kawaambie wale masista wapige kengele, tumepata muujiza."

Kesho yake tuliirudia njia nzima kwa miguu. Hakunigombeza. Alitembea tu nyuma yangu, na kila nilipovuta kipande alisema kwa sauti ya upole kabisa, "Bof?" nami nikalazimika kujibu, "Bof." Vijana wa kikosi waliniita Bof hadi nilipopata cheo, na baadhi yao hata baada ya hapo.

Jambo lingine nilifunzwa Ogwedhi, siku ya mnada wa ng'ombe. Tulikuwa tumetua chombo pembeni mwa mnada, nikiwa sasa ndiye msomaji. Fahali mmoja mwekundu alipita akaugusa mguu mmoja wa chombo kwa ubavu wake, kwa adabu tu, kama mtu anayepita katikati ya watu kanisani. Niliangalia kiputo kinachoonyesha usawa wa chombo, kilikuwa katikati. Nikaendelea kusoma. Mchungaji wake, mzee Mkuria mwenye koti la mvua jua likiwaka, akasimama akaniangalia.

"Mama, hiyo kitu imesukumwa. Wewe unaendelea tu?"

"Kiputo kiko katikati, mzee."

"Hata ng'ombe yangu ikianguka inasimama tena. Lakini haisimami mahali ilikuwa."

Alikuwa sahihi, na Mzee Ochola alicheka mpaka akakaa chini. Chombo kikiguswa, rudi kwenye alama ya mwisho uliyoiamini, uanze hapo. Usiulize kimesogea kiasi gani. Kurudi ndiyo kazi yenyewe. Hatukuwahi kukabidhi kimo ambacho hatukurudi nacho mpaka pale tulipoanzia, tukakuta namba ya kwenda na ya kurudi zinapatana. Huko tulikuita kufunga mzunguko. Na Ndhiwa, ambako jua la saa sita hufanya hewa icheze juu ya ardhi mpaka namba kwenye fimbo zinaogelea, tulifunga mzunguko alfajiri au hatukufunga kabisa.

Sasa mtaelewa kwa nini nilitetemeka. Mhadhiri wetu, kijana mpole anayeongea kama anayeomba radhi, alisimama mbele ya darasa la uzamili akaeleza barafu. Si barafu ndogo zilizobaki juu ya Mlima Kenya na Kilimanjaro. Hizo zinaisha, nayo ni huzuni ya peke yake, lakini hata zikiisha zote bahari haitahisi. Alieleza barafu zilizofunika Grinilandi na Antaktika, nene kwa kilomita, zilizojengwa na theluji kwa maelfu ya miaka, na jinsi zinavyopoteza leo zaidi ya zinavyopokea. Akaongeza kwamba bahari yenyewe, ikipata joto, huvimba. Mpaka hapo nilikuwa nikiandika kwa utulivu. Kisha akasema maji hayo hayatagawanyika sawasawa. Barafu kubwa namna ile ina uzito wa kuivuta bahari kuelekea kwake. Ikipungua, mvuto hupungua, na maji yaliyokuwa yameikumbatia huondoka kwenda mbali. Kando ya barafu yenyewe bahari yaweza hata kushuka. Mbali nayo hupanda kuliko wastani. Grinilandi iko karibu na ncha moja ya dunia, Antaktika iko kwenye ncha nyingine, na walio mbali na zote mbili ni watu wa Ikweta.

Niliweka kalamu chini. Alama zote nilizozikanyaga, mizunguko yote tuliyoifunga kwa jasho, ilikuwa imening'inizwa kwenye kigingi kilichokuwa kikisogea. Nilijua, kwa akili, kwamba kimo cha zahanati ya Ndhiwa hakimdhuru mtu yeyote kwa sababu hiyo. Tofauti kati ya alama na alama zimebaki zilivyokuwa. Nililijua na bado sikulala vizuri kwa majuma. Nilianza kupima mambo yasiyopimika. Nilimjibu mtu aliyeniuliza saa kwa kumweleza kwanza jinsi saa yangu inavyoweza kukosea. Ningebaki hivyo, nadhani, kama si Salim.

Salim ana duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori. Ni mzaliwa wa pwani. Alikuja huku kijana, akaoa huku, na sasa ana mvi huku. Kiswahili changu hukicheka kila siku, nami Dholuo yake naicheka kila siku, na kwa hiyo tumekuwa marafiki. Asubuhi moja nilipita kutafuta bomba la mpira. Barazani mwa duka alikuwa ameketi Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi, kwa desturi yetu ya kumwita mwanamke aliyeolewa kwa kule alikozaliwa. Huleta samaki aina ya mbuta kutoka Homa Bay katika sanduku la barafu na kuuza kivulini mwa Salim.

"Dada Saveya," Salim aliniita, "njoo unipe akili. Nataka kumpigia fundi kule nyumbani leo hii. Nampandishia mama ukuta upande wa bahari, mistari mitatu ya matofali. Itatosha?"

"Bahari imefika wapi?"

"Maji makuu ya bamvua, mwezi uliopita, yaliingia jikoni. Lakini yalitoka."

"Na bamvua la kabla yake?"

"Yaliishia kizingitini."

"Na ulipokuwa mtoto?"

Akatazama mabati yaliyopangwa ukutani kana kwamba jibu limeandikwa pale. "Tulikuwa tunacheza mpira mahali maji ya kila siku yanapoishia sasa," alisema. Kisha akajitikisa. "Lakini yatarudi. Mimi nimeishi na ziwa lenu karibu miaka thelathini. Nimeliona likipanda mvua za Elnino, watu wakahama. Baadaye likashuka mpaka gati likabaki hewani kama meza. Juzi limepanda tena, limeanza kushuka tena. Maji ni maji. Nimemwambia mama: ngoja, hayo hurudi."

"Na si hiyo barafu ya wazungu ndiyo ilijaza ziwa?" Nyar Asumbi akadakia. "Hata redio ilisema. Inayeyuka huko, inakuja hapa."

Hapo ndipo niliposimama. Yule wa ziwani alikuwa ameileta bahari ziwani, na yule wa baharini alikuwa amelipeleka ziwa baharini, na kati ya makosa hayo mawili alikuwepo mwanamke mzee anayelala kwenye nyumba yenye maji ya chumvi jikoni.

"Nyar Asumbi, nipe barafu."

"Ya nini?"

"Ya masomo."

"Masomo inakula samaki? Hii barafu ikiisha, hii mbuta inaoza, na wewe ndiye utaimaliza, nyamera, dada yangu, na mifupa yake."

Alinipa hata hivyo. Salim akaleta karai mbili. Katika ya kwanza tulitia maji na vipande vya barafu vikaelea. Katika ya pili tulisimamisha tofali, tukatia maji yasiyofikia kichwa chake, na barafu nyingine tukaiweka juu ya tofali, mahali pakavu. Salim akachora mstari wa maji kwa penseli ya seremala kwenye kila karai. Kisha tukanywa chai, na Nyar Asumbi akauza samaki wawili, na wateja wa misumari wakauliza kama duka limegeuka hospitali.

Barafu ilipokwisha, Nyar Asumbi aliinama kwanza kwenye karai ya kuelea.

"Hii imekataa kupanda."

"Kwa sababu ilikuwa tayari ndani ya maji. Ilikuwa imekwisha kuchukua nafasi yake."

Akahamia ya pili. Maji yalikuwa yameuzamisha mstari wa penseli. "Hii imepita," alisema, kisha akamtazama Salim, na mzaha ukamtoka usoni. "Wuod Mombasa, mwana wa Mombasa, hii imepita."

"Barafu ya nchi kavu," nikasema. "Ndiyo inayoongeza bahari. Ziwa letu, Salim, liko zaidi ya mita elfu moja juu ya bahari, haliijui. Mvua hulijaza, jua hulikausha, na mto Nili huyatoa maji yake kupitia Uganda. Mvua ikipungua, hushuka. Ndiyo maana umeliona likirudi. Lakini maji haya ya karai ya pili, ukitaka yashuke, itabidi uyarudishe juu ya tofali na yagande tena. Theluji ilichukua maelfu ya miaka kufanya kazi hiyo."

Nikamweleza na lile la mvuto, kwa mfano nilioupata nikiwa macho kitandani. Kwenye matanga, mheshimiwa akifika, watu wote hujazana kwenye hema lake. Mahema ya nyuma hubaki na viti vitupu. Mheshimiwa akiondoka, umati humwagika kurudi nyuma, na hema la mwisho hufurika kuliko yote.

"Na sisi ndio hema la mwisho," Salim akasema.

"Ninyi ndio hema la mwisho."

"Kiasi gani, Dada? Nipe kimo, nimpe fundi."

Nami nikaanza. Nilimwambia kwamba hadi mwisho wa karne hii makadirio ni kati ya futi moja na futi tatu hivi, kwamba hutegemea moshi ambao dunia itaendelea kuutoa, kwamba Antaktika yaweza kutushangaza na kupita hapo, ijapokuwa uwezekano huo ni mdogo ingawa haujulikani ni mdogo kiasi gani, kwamba pwani nyingine ardhi yenyewe huzama au huinuka, kwamba hata moshi ukikoma leo bahari itaendelea kupanda kwa muda mrefu lakini polepole zaidi, na kwamba hilo polepole lina thamani kubwa, kwa kuwa...

"Nyamera!" Nyar Asumbi alinikata. "Mtu ameomba chumvi, wewe unampa ziwa mzima."

Hili ndilo ninalotaka mlichukue kwangu, enyi vijana, hata mkiacha mengine yote. Nilikuwa nimesema kweli tupu, na kweli ile haikuwa imemsaidia. Anayekuuliza atajenga wapi hahitaji elimu yako imwombe radhi. Mpe kadirio la chini na la juu, asidanganyike. Lakini usimwache asimame katikati ya hayo mawili. Hakuna fundi awezaye kumwaga zege juu ya neno "huenda". Mnapojua kwamba sifuri inapanda, na mnajua inaelekea wapi, mnayo ya kutosha kuonyesha kwa kidole.

"Nyuma ya nyumba ya mama pana nini?" nikamuuliza Salim.

"Mwinuko. Penye mikorosho. Shamba ni letu mpaka juu. Lakini mama hatakubali, Dada. Ameolewa kwenye nyumba ile. Kaburi la baba liko uani."

"Umemuuliza?"

"Namjua mamangu."

"Mpigie," akasema Nyar Asumbi, akijifuta magamba mikononi. "Si una simu?"

Alimpigia, akaiweka simu juu ya meza ya kuuzia na kuifungua sauti, kwa kuwa mama yake husikia kwa shida na kwa hiyo huzungumza kama anayeita mtu ng'ambo ya ghuba. Bi Mwanaisha aliuliza kwanza hali ya wajukuu, kila mmoja kwa jina. Salim alijibu. Kisha akasema, akichagua maneno kama mtu anayekanyaga matope, kwamba pana jambo zito, kwamba anaelewa itakavyokuwa vigumu kwake, kwamba rafiki yake mpimaji amesema ukuta hautafaa, na kwamba pengine, kama yeye mama ataridhia, wafikirie kuhamia juu penye mikorosho.

Nilisikia kuku wakilia kule pwani.

"Salimu," sauti ikasema, "nani kakwambia mie nakataa?"

"Mama, nilidhani..."

"Tangu bamvua la kwanza nilifunga mizigo yangu. Nikakupigia. Ukanambia, mama ngoja, mie naishi kwenye maji, nayajua, yapanda na yarudi. Nikasema haya, mwanangu kasafiri, kaona maji ya watu, ajua. Nikafungua mizigo. Bamvua la pili nikafunga tena. Ukanambia ngoja. Hivi sasa naongea nawe nimeketi juu ya sanduku!"

Salim aliweka mikono miwili juu ya meza, kila upande wa simu.

"Na baba?" alisema. "Kaburi la baba?"

"Babako hanywi maji. Mie ndiye ninywaye. Kisima kimeingia chumvi, chai yangu imekuwa dawa ya mafua. Twende zetu juu. Babako nitamshukia kila Ijumaa madhali miguu ipo. Huyo bibi mpimaji uliyemtaja, yupo hapo?"

Nilisogea. "Nipo, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Sitaki hesabu, nimezeeka. Nambie moja tu. Lau ungekuwa wamjengea mamako, ungechimba wapi?"

Nilihisi lile ziwa zima likinijia kooni: futi moja, futi tatu, uwezekano, ardhi inayozama. Nyar Asumbi alinitazama. Salim hakunitazama.

"Juu, mama," nikasema. "Penye mikorosho, upande wa juu wa mikorosho, si wa chini. Na hapo ulipo pasijengwe tena, hata ukuta. Nitakuja mwenyewe na chombo changu nikuwekee kigingi cha sakafu."

"Ukija, karibu. Lakini sikungoji." Kisha, sauti ikiwa imegeukia mbali na simu: "Mwinyi! Mwinyi we! Acha hizo nazi. Lete nyundo uung'oe mlango huu, waenda juu. Taratibu, wa mvule huo!"

Simu ilikuwa bado wazi. Salim alikuwa amenyoosha kidole kwenye kitufe chekundu, asikibonyeze. Mteja mmoja aliingia kutafuta kitasa, akatuona, akasubiri. Tulisimama pale, mimi, Salim na Nyar Asumbi, tukisikiliza misumari ya mlango wa mama yake ikitoka kwenye mbao, mmoja mmoja.